Baiskeli Iliyotoka Mkonge

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea baiskeli kuukuu karakanani kwangu hapa Kasulu, akitaka niipige rangi upya. Nilipoanza kuikwangua kwa msasa ilinijia harufu ya rangi ya geti iliyochanganyika na kutu na grisi ya zamani, nikaacha kazi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaivuta harufu ile hadi kijana akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Harufu hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mtu. Nasema bila aibu, maana nina stashahada ya ufundi mitambo, nimeisomea Mbeya kwa fedha niliyoitafuta kwa mikono yangu, na nilipomaliza sikubaki huko kuuza vocha kama wengine. Nilirudi nyumbani nikafungua karakana, nikaandika jina langu juu ya mlango kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Wanaume wakileta mashine zao za kusaga hunitazama mimi kwanza, halafu huitazama ile stashahada ukutani, halafu hutafuta mahali pa kukaa wakasubiri. Lakini walimu wa Mbeya hawakunianzisha wao. Nilianzishwa na wazee wawili wagomvi na baiskeli moja.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Bodaboda zilikuwa zimeanza kujaa, vijana wakawa hawataki tena kuonekana wanapiga pedali, na baiskeli zikaachiwa wazee, mikungu ya ndizi na madumu ya maji. Kijiji chetu kiko kilima cha pili ukitoka Kasulu mjini, na mimi nilikuwa nikiishi pale na bibi yangu pamoja na shangazi yangu Devota, mdogo wake baba. Baba alikuwa akifanya kazi Mpanda, mama alikuwa huko huko, na aliyenilea kwa maana ya kunisuka, kunichapa na kunifundisha kusoma kabla ya shule alikuwa Shangazi Devota. Alikuwa na cherehani na sauti nene ambayo Bibi alikuwa akimkanya juu yake kila siku. Mwaka ule alipata mchumba, fundi seremala wa Kasanda, huko mbele ya Kibondo, na shangazi yangu akaanza kuimba akishona, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Babu yangu mzazi alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo waliopaswa kuipokea posa walikuwa kaka zake wawili, watoto wa baba mmoja na mama tofauti: Babu Kagoma na Babu Ntiruka. Na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Kwetu posa hupokelewa na mkubwa. Mkubwa hukalia kiti cha mbele, mdogo hukaa nyuma yake. Wazee wale walikuwa wamegombania kiti hicho tangu siku alipozikwa baba yao, na hakuna aliyeweza kuwaamua, kwa sababu mama zao waliishi vilima tofauti na wote walikuwa wamekufa. Bibi alipoolewa aliwakuta wote wawili na ndevu.

Wageni wa Kasanda walikuja mara ya kwanza, wakarudishwa. Walikuja mara ya pili, nami nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya mtungi wa maji. Babu Kagoma alikuwa amewahi kiti. Babu Ntiruka akasimama mlangoni, kofia kichwani, akakataa kuingia.

"Siketi nyuma ya mtoto," alisema.

"Mtoto ni yule asiyejua mwaka wake," Babu Kagoma akamjibu bila kugeuka. "Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, hamsini na nane, padri aliandika. Wewe uliandikwa wapi? Kwenye jani la mgomba?"

"Mimi niliandikwa na baiskeli ya baba! Wiki aliyorudi nayo kutoka mkonge Tanga ndiyo wiki niliyozaliwa. Kijiji kizima kilikuwa kikisema hivyo."

"Kijiji gani? Waite waje."

Kijiji kile kilikuwa makaburini. Wageni wakanywa maji, wakashukuru, wakasimama. Mshenga wao, mzee mpole mwenye koti la kijivu, akamwambia Bibi pale uani, "Mama, tutakuja mara ya tatu baada ya mavuno ya maharage. Tukikuta kiti bado kinapiganiwa, basi na Kasanda kuna wasichana." Shangazi Devota alikuwa akimenya mihogo jikoni. Alilisikia kila neno. Aliendelea kumenya mpaka ule muhogo ukawa mwembamba kama penseli, na tangu siku ile hakuimba tena.

Mimi nilikuwa darasa la tano na nilikuwa na akili, hili walimu wote walilisema. Niliona kwamba kama Babu Ntiruka alizaliwa wiki baiskeli ilipofika, basi tukiujua umri wa baiskeli tumeujua na wake. Baiskeli yenyewe ilikuwa bado hai. Alikuwa nayo yeye, imepigwa rangi ya kijani ya geti tabaka juu ya tabaka, na kila Jumamosi nilitumwa kwenda kumsafishia spoki kwa majivu na gunzi. Nikaenda nikaichunguza. Na kumbe, enyi watu, jibu lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa tairi, limechomoza hata kwa kidole unalisoma: 28. Nikakimbia hadi kwa wazee, waliokuwa wamekaa kwenye ukuta wa kanisa, kila mmoja na upande wake.

"Babu Ntiruka! Nimejua umri wako! Una miaka ishirini na nane!"

Babu Kagoma alicheka hadi akashika mbavu. "Ego, ndiyo! Ishirini na nane! Jamani kijana huyu, tumtafutie mke! Devota angojee, tumuoze kwanza baba yake mkubwa!"

"Nani kakutuma?" Babu Ntiruka alinguruma, akiniangalia mimi.

Sikukata tamaa. Nilizunguka kijiji kizima nikisoma matairi ili nipate ushahidi, nikashangaa kwamba baiskeli zote zilikuwa na miaka ishirini na nane, hata ya mwalimu iliyonunuliwa juzi. Nikamweleza Bibi kwamba bila shaka ulikuwepo mwaka mmoja ambao baiskeli zote za dunia zilizaliwa. Bibi hakucheka. Alisema ile ni saizi ya gurudumu, kama namba ya kiatu, na hata mumewe alikuwa akiitaja. Halafu akarudi kupepeta maharage. "Lakini hukukosea kote," akasema mwishoni. "Chuma nacho kina pale kilipozaliwa. Mpelekeeni Mzee Athumani hiyo baiskeli. Baba yake alikuwa akiziuza baiskeli hizo zikiwa kwenye makaratasi."

Mzee Athumani alikuwa na duka la spea Kasulu mjini, karibu na soko. Asili yao ilikuwa pwani. Baba yake alikuja bara na biashara akabaki. Bibi aliwapelekea wazee ujumbe mmoja, kila mtu kwa wakati wake: baiskeli ikatazamwe, na wote wawili wawepo, la sivyo siku ya posa yeye mwenyewe atakalia kile kiti na wao watapika. Vitisho vya Bibi havikuwa vya kuchezea.

Tukaondoka asubuhi ya soko. Babu Ntiruka hakuniruhusu niisukume baiskeli yake, na Babu Kagoma hakumwamini kuwa hataichezea njiani, basi kila mmoja akashika upande wake wa usukani. Wazee wawili na baiskeli moja, wakishuka kilima bila kuzungumza, mmoja akivuta kulia kuepa shimo na mwingine akivuta kushoto kuepa tope, na mimi nyuma nimeshika keria. Vijana wa bodaboda walipunguza mwendo wakatupigia honi. "Wazee, mnaisindikiza harusini?" Wazee walizidi kuvutana. Mimi nilijibu kimoyomoyo kwamba ndiyo, harusini hasa, kama mambo yatakwenda vizuri.

Mzee Athumani alikuwa mnene, kofia ya kazi ya sindano kichwani, na alikuwa na majivuno ambayo niliyapenda palepale.

"Karibuni. Nani mgonjwa, baiskeli au nyinyi?"

Wakamweleza wote kwa pamoja, wakipandiana sauti, mpaka akainua mkono. "Nimeelewa. Mnataka chuma kiseme. Wallahi mmefika. Mimi nimelala kwenye katoni za spea nikiwa mtoto wa kunyonya." Akaigeuza baiskeli matairi juu pale barazani, kando ya mama mmoja Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyekuwa amepanga sabuni za kuuza juu ya kitenge. Mama yule alisogeza sabuni zake kidogo, akabaki akitazama.

Kwanza alichukua spana ya kawaida akaijaribu kwenye nati ya mbele. Ikateleza. Akajaribu nyingine, ikakaza mno. "Mnaona? Nati za Kichina na za siku hizi zote zinaikubali spana hii. Hii inaikataa. Hii ni baiskeli ya Kiingereza ya zamani, ile yenyewe, si mwigo." Akaonyesha breki, ambazo si za waya bali za fimbo za chuma zinazopita chini ya usukani. Akaonyesha matundu mawili mbele ya fremu, mahali nembo ilipokuwa imepigwa ribiti kabla hajaing'oa mtu. Babu Ntiruka akawa anaitikia kwa kichwa kila tundu, kama anayesikia jina lake likisomwa.

Halafu Mzee Athumani akalowesha kitambaa kwa petroli akasugua habu ya nyuma, lile fundo la katikati ya gurudumu ambamo spoki zote huingia. Rangi ya kijani ikalainika, ikatoka, chini yake grisi nyeusi, chini yake chuma kinachong'aa. "Habu kama hizi za gia kiwanda huzigonga mwaka," alisema. "Haya, mwenye macho mazuri asome."

Nikainama nikasoma. "Sitini na sita."

Babu Kagoma aliruka kama kijana. "Sitini na sita! Mimi sitini na sita nachunga mbuzi tayari! Nina meno mapya! Ntiruka, niamkie. Hapa hapa mbele za watu, nataka shikamoo yangu!"

Babu Ntiruka alirudi nyuma. Alikaa juu ya gunia la mahindi la jirani, mikono katikati ya magoti, na kwa mara ya kwanza nikamwona kuwa mzee. Nilitakiwa nifurahi. Kiti kimepata mwenyewe, shangazi yangu ataolewa. Lakini kulikuwa na kitu kinaniwasha. Mimi ndiye niliyezijua spoki zile, moja moja, kwa majivu na gunzi, na kila Jumamosi niliona ajabu ileile.

"Lakini magurudumu haya hayalingani," nikasema. "La mbele lina spoki thelathini na mbili. La nyuma lina thelathini na sita."

Mzee Athumani aligeuka taratibu. "Una hakika?"

"Nazisafisha mimi."

"Hesabu tena nikisikia."

Nikahesabu kwa sauti, nikigusa kila moja, na mama wa sabuni akawa ananifuatisha chini chini. Thelathini na mbili. Thelathini na sita. Mzee Athumani akapiga paja lake. "Mtoto huyu ni wa nani? Sikilizeni. Waingereza wa zamani walikuwa wakitia thelathini na mbili mbele na arobaini nyuma, kwa sababu mzigo uko nyuma. Arobaini! Gurudumu hili la thelathini na sita ni mgeni, limeletwa baadaye. Nilikuwa naupima umri wa mtu kwa jino la bandia."

Wengine mnaposimulia siku zenu kubwa mnataja mahafali. Mimi ninayo hiyo siku ya barazani.

Akahamia mbele. Habu ya mbele ilikuwa nene kama sufuria ndogo, na mimi siku zote nilidhani ni uvimbe. Kumbe ndani yake mna sumaku ya kuwasha taa, baiskeli ikitembea yenyewe inazalisha umeme. Akasugua. Mimi nikasoma: hamsini na nne. Babu Ntiruka akainuka kutoka kwenye gunia. Mzee Athumani hakuishia hapo. Alikwangua rangi kwenye uma na kwenye fremu, tabaka la kijani, la bluu, la kahawia, mpaka akafikia nyeusi yenye mstari mwembamba wa dhahabu. Na chini ya nyeusi ile ile vilikuwepo vishikizo vidogo vya waya wa taa, vimeunganishwa na fremu tangu kiwandani. "Fremu hii ilizaliwa ikingojea habu hii," alisema. "Hizi ni za mama mmoja. Hamsini na nne, na kama si hapo ni karibu sana na hapo."

"Basi baba aliinunua kuukuu!" Babu Kagoma alipaza sauti. Jasho lilikuwa limemtoka. "Mkonge unampa nani baiskeli mpya? Aliinunua imechoka, miaka mingi baadaye!"

"Kuukuu ni kinywa chako. Ilikuwa mpya, inanuka duka, na ingebaki nzima..."

"Ingebaki nzima kama usingeliharibu wewe hilo gurudumu la nyuma! Mzee Athumani, unataka kujua mgeni huyu katoka wapi? Muulize yeye! Alilitia korongoni likakunjika kama chapati, baba akaenda kutafuta jingine!"

"Nililitia korongoni kwa sababu ya nani? Ulikuwa unanivuta shati huko nyuma, unalia kama mbuzi!"

"Nilikuwa na surua! Macho yamefumba! Mama yangu alinifunga mgongoni kwako kwa kanga nisidondoke, unipeleke zahanati, na wewe siti huifikii, umepenyeza mguu katikati ya fremu, unaendesha umepinda upande kama..."

Neno likamkatikia hapo. Mahali fulani sokoni mtu alikuwa akipigia kelele bei ya dagaa. Yule mama Mkongomani akainua uso kutoka kwenye sabuni zake, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka tu kufuata hadithi:

"Sasa, papa, ule mwenye kubeba na ule mwenye kubebwa, mukubwa ni nani?"

Babu Kagoma aliinama. Alitazama habu ya nyuma, ile ya sitini na sita, ambayo dakika chache nyuma alikuwa akiipigia makofi. Nilipiga hesabu haraka: mwaka ule yeye alikuwa na miaka minane au tisa, mtoto wa kufungwa kwa kanga. Mzee Athumani alimpa maji. Alikunywa kikombe kizima, akakirudisha, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Alinifikisha lakini. Gurudumu lilikunjika, akanibeba kwa miguu njia iliyobaki."

Tukarudi nyumbani. Babu Ntiruka alishika usukani peke yake. Babu Kagoma alitembea nyuma, mbali, hadi tulipoanza kupanda kilima chetu. Hapo akaja akaweka mkono kwenye keria karibu na wangu, tukasukuma. Lakini siku zilizofuata hakutokea nyumbani. Shangazi Devota alinifanya nimsimulie yale ya barazani tena na tena, akiuliza kila mara, "Na Babu Kagoma alisema atakuja?" Nami nilimsimulia tena ule mkono kwenye keria. Mtu anaweza kushindwa na bado akakataa kukaa nyuma. Maharage yalivunwa, yakaanikwa, yakapigwa, na kila mtu nyumbani akawa anatazama njia ya kwenda kwa Babu Kagoma.

Siku ya wageni alifika kabla ya jogoo wetu kumaliza kelele zake, amevaa koti lake la kanisani. Hakumsalimia mtu. Aliingia ndani, akakitoa kile kiti cha mbele, akakipangusa kwa mkono wa koti, akakiweka katikati. Kisha akavuta kigoda akakiweka nyuma ya kiti, akakikalia. Babu Ntiruka alipoingia akasimama mlangoni palepale aliposimama mara ya pili, kofia kichwani, akitazama.

"Kaa, mkubwa," Babu Kagoma alisema. "Umenibeba mpaka zahanati, kiti kitakushinda?"

Babu Ntiruka akavua kofia. Akakaa taratibu, kama anayekipima kama kitamhimili. Wageni wa Kasanda wakaingia, mshenga wa koti la kijivu mbele, na nikaona jinsi alivyokitazama kiti kwanza kabla ya kumtazama mtu. Akaeleza shida yao kwa adabu, akauliza, "Nani anatupokea?"

Babu Ntiruka akasimama. Alikuwa ameyaandaa maneno hayo tangu baba yake azikwe. Nimewahi kumsikia akiyasema peke yake akipakia ndizi. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akakohoa, akajaribu tena, macho yakamjaa, akageuka nyuma.

"Mwene data," alisema, yaani mwana wa baba yangu, "sema wewe. Mimi niache niwe mkubwa tu."

Watu walicheka mpaka mshenga akafuta macho. Na Babu Kagoma akasema! Alisema vizuri, kwa mafumbo na mizaha, akamsifu marehemu babu yangu, akawasifu maseremala, akausifu hata umbali wa Kasanda, na kila alipomaliza jambo aliinama mbele kuuliza, "Ndivyo, mkubwa?" na Babu Ntiruka akajibu, "Ego," kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Ndipo shangazi akaitwa. Mimi nilimfuata hadi mlangoni. Babu Kagoma akamwuliza lile swali ambalo kila binti wa kwetu huulizwa, "Devota, hawa watu unawajua?" Binti hutakiwa aangalie chini na ajibu kwa sauti ndogo, hata ikibidi aulizwe mara mbili. Shangazi yangu alikuwa amerudishiwa wageni mara mbili na amengojea maharage ya shamba zima yakauke. Aliinua uso, na ile sauti nene ambayo Bibi alikuwa akimkanya juu yake ikatoka yote, wakaisikia mpaka barabarani:

"Nawajua! Na njia ya kwenda kwao naijua!"